Uliza Tujibu: Bustani ya bayodinamiki, pa kuanzia

Barua nyingi za toleo hili zinatoka kwa watu wanaoanza. Tumezipanga kwa kufuata kazi yenyewe: udongo kwanza, kisha pembe za ng'ombe zinazojazwa samadi na kuzikwa, na mwezi baadaye. Walioandika kuhusu jambo moja tumewajibu pamoja.

Nalima mboga bila kemikali yoyote. Je, tayari nafanya bayodinamiki?

Uko karibu, lakini bado. Kilimo hai kinataka udongo ulishwe kwa mboji na dawa za viwandani ziachwe. Bayodinamiki inachukua hayo yote na kuongeza matatu: bustani ihesabiwe kuwa kiumbe kimoja kinachojilisha chenyewe kadiri inavyowezekana, itumike michanganyiko maalumu inayojulikana kwa namba (500 hadi 508), na kazi zipangwe kwa kuangalia mwendo wa mwezi.

Msingi wake ni mihadhara minane aliyoitoa mwanafalsafa wa Austria, Rudolf Steiner, mwezi Juni 1924 huko Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland na kinaitwa Kobierzyce. Steiner alifariki mwaka uliofuata, kwa hiyo mengi yanayofanyika bustanini leo yalikamilishwa na waliomfuata, akina Ehrenfried Pfeiffer na Lili Kolisko, na baadaye Maria Thun aliyeandaa kalenda ya kupanda. Nembo ya Demeter, iliyoanza 1928, inahusu mazao ya kuuza yaliyokaguliwa. Anayelima kwa ajili ya sufuria yake haihitaji.

Nilinunua mchanganyiko wa 500 nikaunyunyiza kama nilivyoelekezwa. Udongo wangu bado ni mgumu na mweupe. Nimekosea wapi?

Umeanzia mwisho. Namba 500, yaani samadi iliyoiva ndani ya pembe, hutumika kwa gramu chache mno, nayo haiwezi kuwa chakula cha udongo wenye njaa. Hata wanaoiamini kabisa husema inafanya kazi palipo na unyevu, hewa na mabaki ya mimea. Tumia msimu mzima kujenga mboji, kufunika udongo kwa matandazo na kupanda jamii ya kunde, kisha urudi kwenye pembe.

Rundo la mboji lijengwe hivi. Chagua mahali pasipotuama maji, ulegeze udongo kwa uma ili minyoo ipande. Tandika vijiti na mabua manene unene wa sentimita 10 hadi 15, hiyo ndiyo njia ya hewa. Juu yake weka tabaka la vitu vikavu (nyasi kavu, majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa) sentimita 15, kisha vibichi sentimita 10, kisha samadi sentimita 5, na nyunyiza udongo kiasi cha kufunika tu. Mwagilia kila tabaka unapoliweka. Ukisubiri kumwagilia mwishoni, maji yatateleza pembeni na katikati patabaki pakavu. Rudia mpaka ufikie kimo cha mita 1.2 hadi 1.5. Upana uwe mita 1.5 hadi 2. Kwa bustani ndogo, mita 1 kila upande ndicho kipimo cha chini, maana rundo dogo kuliko hapo linapoteza joto. Maliza kwa kulifunika kwa nyasi.

Lengo ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Huhitaji maabara: matabaka ya vipimo hivyo yanakufikisha hapo karibu. Unyevu upime kwa ngumi. Ukikamua konzi ya mboji, litoke tone moja au mawili. Ikitiririka maji, ni nyingi; ikimomonyoka ukifungua mkono, ni kavu.

Rundo langu linanuka. Jirani analalamika.

Inategemea linanuka nini. Harufu kali inayochoma pua kama mkojo ni amonia, yaani samadi au majani mabichi yamezidi. Fungua rundo, changanya vikavu, funga tena. Harufu ya yai bovu maana yake hewa imekosekana, kwa kawaida kwa sababu ya maji mengi au majani ya nyasi yaliyoshikana kama mkeka. Hapo kugeuza peke yake hakutoshi, ongeza mabua magumu yanayoacha nafasi.

Rundo lisilopata joto kabisa ndani ya siku 4 au 5 ama ni kavu, ama dogo, ama limejaa vikavu vitupu. Chomeka fito ya chuma hadi katikati, iache dakika 10, ichomoe na uishike. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uiachie, uko kwenye nyuzi 60 au zaidi. Kati ya 55 na 65 ni pazuri, kwa kuwa mbegu nyingi za magugu na vimelea hufa. Likipita 70 lipunguze kimo au uligeuze, vinginevyo naitrojeni inapaa na viumbe wenye manufaa wanakufa. Ukikuta unga mweupe kama majivu katikati, liliungua kwa ukavu. Mwagilia huku ukigeuza.

Kuna kasoro moja isiyonuka wala kuonekana. Baadhi ya dawa za kuua magugu ya majani mapana zinazopigwa kwenye malisho, hasa aminopiralidi, hupita kwenye tumbo la ng'ombe zikiwa nzima, na hubaki ndani ya samadi na hata ndani ya mboji. Kabla ya kumwaga samadi ya kununua kwenye matuta yote, changanya mboji hiyo nusu kwa nusu na udongo wako katika vyungu vitatu, jaza vingine vitatu udongo mtupu, panda maharage kote, ungoje wiki tatu. Majani machanga yakijikunja kama kikombe kwenye vyungu vya mboji peke yake, usiitumie.

Hizo namba 502 hadi 507 ni nini, na zinawekwaje?

Ni mimea sita inayotiwa kwenye mboji au samadi, mingi ikiwa imeandaliwa ndani ya kiungo cha mnyama. 502 ni maua ya yaro yaliyokaa ndani ya kibofu cha kulungu dume. 503 maua ya kamomili ndani ya utumbo wa ng'ombe. 504 thabai, yale majani yanayowasha, yaliyozikwa mwaka mzima bila kiungo chochote. 505 gome la mwaloni lililosagwa ndani ya fuvu la mnyama wa kufugwa. 506 maua ya dandelioni ndani ya utando unaoshikilia matumbo ya ng'ombe. 507 ni maji ya maua ya valeriani.

Anayeanza asijaribu kuyatengeneza. Yanunue yakiwa tayari, seti moja. Kijiko kimoja cha chai cha kila namba kinatosha rundo lenye ujazo wa hadi mita 10 za ujazo. Toboa matundu matano yenye kina cha sentimita 30 hadi 50, yaachane vizuri, weka namba moja kila tundu ukiwa umeifumbata ndani ya donge la udongo au mboji iliyokomaa, kisha ziba. 507 ni ya maji: mililita 5 katika lita 3 hadi 5 za maji ya vuguvugu, koroga dakika 10 hadi 20, nusu imimine kwenye tundu la sita na nusu uinyunyize juu ya rundo lote. Ukiligeuza rundo baadaye, ni desturi kuweka seti nyingine.

Mhariri, shikamoo. Nataka kutengeneza 500 mwenyewe. Naomba hatua zote.

Marahaba. Hii inawezekana kabisa nyumbani, mradi uwe na subira ya miezi sita.

Pembe iwe ya ng'ombe jike aliyezaa. Utaitambua kwa pete zilizo karibu na shina lake na kwa ncha iliyo nzito, isiyo na uwazi. Pembe ya dume ni pana na nyepesi. Usichukue pembe ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana. Vimelea vya kimeta hudumu miaka mingi, na hapo hakuna mjadala. Kama bado ina mfupa ndani, iache mahali pa kivuli wiki kadhaa mpaka mfupa ulegee, kisha uugonge utoke.

Samadi itoke kwa ng'ombe anayenyonyesha au kukamuliwa, anayekula majani zaidi kuliko pumba, na ambaye hajapewa dawa ya minyoo hivi karibuni. Ichukue mbichi, iliyoshikana. Ile inayotiririka haifai. Jaza pembe kwa kijiko au mti mwembamba, ukiigonga ili hewa itoke.

Chimba shimo lenye kina cha sentimita 40 hadi 60 kwenye udongo mzuri usiotuama maji, mbali na mizizi ya miti. Panga pembe mdomo ukielekea chini ili maji yasijae ndani, ziachane kidogo, na katikati yake tia udongo uliochanganywa na mboji. Fukia na uweke alama ya kudumu. Tunasisitiza alama, kwa kuwa miezi sita ni mirefu na pembe zilizopotea ni nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Zinazikwa majira ya baridi yanapokaribia na kufukuliwa yanapoisha: Septemba au Oktoba hadi Machi kaskazini mwa ikweta, Machi au Aprili hadi Septemba kusini. Pasipo na baridi ya kweli hufuatwa miezi yenye ubaridi kiasi na unyevu, na shimo hufunikwa matandazo lisikauke.

Iliyoiva ni nyeusi, laini, yenye unyevu, na inanuka udongo wa msituni. Ikiwa bado kijani na inanuka kinyesi haijaiva, na sababu karibu kila mara ni maji yaliyotuama au samadi iliyokuwa laini mno. Izike tena wiki chache mahali pakavu zaidi. Ikiwa imekauka kama kuni, shimo halikuwa na unyevu. Pembe moja hutumika mara tatu au nne kabla haijachakaa.

Bustani yangu ni mita 10 kwa 12 tu. Nitapimaje, na lazima nikoroge saa nzima?

Kipimo kinachotumika sana ni gramu 25 hadi 35 katika lita 13 hivi za maji kwa ekari. Kwa hesabu hiyo bustani yako ingepata gramu 1 hivi katika maji yasiyofika nusu lita, kiasi ambacho hata kukikoroga ni taabu. Chukua gramu 8 katika lita 4, unyunyize yote. Kuzidisha hakudhuru. Au mgawane na majirani, lita 4 zinatosha robo ekari.

Maji ya mvua ni bora. Ya bomba yaache wazi usiku na mchana mmoja ili klorini ipungue. Yapashe moto yafike vuguvugu la mwili. Ndoo isijae zaidi ya robo tatu. Koroga kwa mti ukizunguka karibu na ukingo mpaka maji yachimbike katikati kama faneli inayokaribia kugusa chini, kisha geuza ghafla upande wa pili. Maji yatavurugika na kutoa povu, halafu yataunda faneli nyingine. Geuza tena. Ndivyo hivyo saa nzima, na ndiyo, ni saa nzima kwa mujibu wa mafundisho yenyewe. Sisi tunaona faida yake isiyobishaniwa ni kuchanganya na kuingiza hewa. Mengine yanayosemwa juu ya faneli hiyo ni imani ya mfumo, na anayetaka cheti huifuata.

Nyunyiza alasiri kuelekea jua kutua, udongo ukiwa na unyevu, kwa matone makubwa. Brashi pana au fagio dogo la majani linatosha kwa bustani ya nyumbani. Maliza ndani ya saa 2 au 3 baada ya kukoroga. Ukitumia bomba la mgongoni, chuja kwa kitambaa kwanza, la sivyo pua ya bomba itaziba. Bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu lisitumike, hata ukiliosha mara ngapi. Kosa la kawaida ni kunyunyiza saa sita mchana kwenye udongo mkavu. Hapo umemwaga maji tu. Mara mbili hadi nne kwa mwaka inatosha.

Na 501?

501 ni jiwe la kwatzi lililosagwa likawa laini kama unga wa ngano, likazikwa ndani ya pembe katika miezi ya joto. Hufanya kazi upande wa majani na mwanga, nayo hutumika kidogo zaidi: gramu 1 katika lita 13 kwa ekari, ikakorogwa saa moja, ikapigwa kama ukungu mwembamba asubuhi jua linapochomoza.

Mambo mawili yatakugharimu usipoyajali. Vumbi la kwatzi likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa wake hauponi. Saga likiwa limeloweshwa, tena ukiwa na barakoa ya vumbi, au nunua lililokwisha kusagwa. La pili, usilipige kwenye miche michanga, mimea yenye kiu, wala jua likiwa kali, maana majani huungua kingo. Bustani ya mwaka wa kwanza haina haja nayo.

Kalenda yangu inasema "mwezi unashuka" wakati nje naona mwezi unakua. Kalenda imekosewa?

Haijakosewa. Hii ndiyo barua tunayoipata kuliko zote.

Kuna mizunguko miwili. Wa kwanza ni ule unaouona, kutoka mwezi mwandamo hadi mpevu na kurudi, siku 29.5. Wa pili ni wa kupanda na kushuka, siku 27.3, ambapo njia ya mwezi angani inakuwa juu zaidi kila siku kwa karibu wiki mbili, kisha inashuka kwa wiki mbili. Hauna uhusiano na umbo la mwezi, hivyo mwezi mpevu unaweza kuwa unapanda au unashuka. Kupandikiza miche, kupogoa na kutia mboji hufanywa mwezi unaposhuka. Kupanda na kushuka huku kuko kinyume kati ya kaskazini na kusini mwa ikweta, kwa hiyo angalia kalenda imechapishwa kwa ajili ya upande gani.

Juu ya hayo Maria Thun, ambaye kalenda yake ilianza kutoka 1963, aligawa siku kwa makundi ya nyota anayopitia mwezi. Ukiwa katika Ng'ombe, Mashuke au Mbuzi ni siku za mizizi, kama karoti na viazi. Kaa, Nge na Samaki ni za majani, kama saladi na kabichi. Mapacha, Mizani na Ndoo ni za maua. Punda, Simba na Mshale ni za matunda na mbegu, nyanya na maharage wakiwemo. Usichukue tarehe kwenye ukurasa wa unajimu wa gazeti: wanajimu hugawa anga mafungu sawasawa, kalenda hii hufuata nyota zenyewe jinsi zilivyo, na tofauti hufika kama siku mbili.

Mpangilio wa kuamua, kwa maoni yetu, uwe huu: unyevu wa udongo, joto lake, hali ya mche, kisha mwezi. Miche inayosongamana kitaluni isizeeke kwa kungoja siku ya majani.

Kuna ushahidi wowote kwamba haya yanafanya kazi?

Kwa mfumo mzima, upo. Jaribio linalojulikana zaidi ni lile la Therwil, Uswisi, lililoanza 1978 likilinganisha bayodinamiki, kilimo hai na kilimo cha kawaida bega kwa bega. Matokeo ya miaka 21 yaliyochapishwa 2002 yalionyesha mavuno ya mifumo miwili ya kwanza yakiwa pungufu kwa asilimia 20, huku mbolea na nishati vikiwa vimepungua kwa asilimia 34 hadi 53 na viuatilifu kwa asilimia 97. Viumbe wa udongo walikuwa wengi zaidi.

Lakini jaribio hilo lilipima mfumo, ambao ndani yake kuna mboji, samadi na mzunguko wa mazao. Halikutenganisha mchango wa pembe, na ushahidi kuhusu siku za mwezi ni hafifu. Anayekuambia 500 peke yake itafufua shamba anakuuzia kitu.

Sina ng'ombe wala nafasi ya rundo kubwa.

Tengeneza mboji ya shimo la samadi. Chimba sentimita 90 kwa 60, kina 30, zungushia matofali au mbao, chini paache udongo. Kanda kilo 60 za samadi mbichi ya ng'ombe, ya kununua au kuomba, gramu 200 za maganda ya mayai yaliyosagwa na gramu 300 za vumbi la jiwe la basalti, mpaka iwe kama unga wa mkate uliokandwa. Iweke shimoni, itafika kimo cha sentimita 11 au 12, na isizidi hapo kwa sababu hewa haitafika chini. Tia seti 2 au 3 za 502 hadi 507, funika kwa gunia lililoloa. Baada ya mwezi igeuze kwa uma kila wiki. Ndani ya miezi 3 hadi 4 haina tena harufu ya kinyesi. Kilo 1 katika lita 45 inatosha ekari, na kukoroga ni dakika 20 tu. Kwa mtu mwenye matuta machache hii ina manufaa ya haraka kuliko pembe.

Nimesoma kwamba lazima nichimbe matuta kina cha sentimita 60.

Huo ni mfumo mwingine, wa matuta ya kina na upandaji wa karibu karibu. Alan Chadwick, mtunza bustani Mwingereza, aliuunganisha na bayodinamiki, ndiyo maana vitabu vinavichanganya. Si sharti.

Nyanya zangu hushambuliwa na ukungu kila mvua zikianza. Nitumie 508?

508 ni maji ya ekwiseti, mmea wa mashina membamba unaofanana na mkia wa farasi. Itumie kabla, si baada. Chemsha polepole gramu 100 za ekwiseti kavu katika lita 2 za maji kwa saa moja, ipoe, chuja, ongeza maji yafike lita 20, nyunyiza udongo na majani asubuhi siku mbili tatu mfululizo kabla ya majira ya ukungu. Isipopatikana ekwiseti, wakulima wa nchi za joto hutumia majani ya mvinje, wenye silika (madini kama ya kwatzi) nyingi pia. Ukungu ukishaingia, ondoa majani ya chini, panua nafasi, acha kumwagilia juu ya majani. 508 haitauondoa.

Nihifadhi wapi kilichobaki?

500 na 502 hadi 506 zikae kwenye chungu au gudulia la kioo, kifuniko kikiwa kimelegea, ndani ya sanduku la mbao lililojazwa makumbi ya nazi yaliyochambuliwa au mboji ya kinamasi unene wa sentimita 8 kila upande, gizani na mbali na petroli na rangi. Zikague kila mwezi, zikianza kukauka zinyunyizie maji kidogo. 507 ikae kwenye chupa. 501 ni tofauti: iweke kwenye chupa angavu dirishani, ipigwe na jua la asubuhi.